Mmejuaje? Maumbo ya Molekuli na Kiswahili Chetu

Mwulize mwanafunzi yeyote wa kemia wa mwaka wa kwanza molekuli ya maji ina umbo gani. Hatasita. Atomu moja ya oksijeni katikati, atomu mbili za hidrojeni pembeni, na hazikukaa katika mstari ulionyooka: zimepinda, na pembe kati yake ni nyuzi 104.5. Sasa mwulize swali la pili: mmejuaje? Hapo atasita. Mmoja atasema ndivyo kitabu kinavyosema. Aliye hodari zaidi atasema oksijeni ina jozi mbili za elektroni zisizoshikamana na atomu nyingine, na jozi hizo zinazisukuma hidrojeni mpaka zikaribiane.

Jibu la huyu hodari ni zuri, ila ni jibu la swali jingine. Linaeleza kwa nini maji yamepinda. Halisemi tumejuaje kwamba yamepinda. Kanuni ya jozi za elektroni zinazosukumana ilielezwa na Gillespie na Nyholm mwaka 1957, na wakati huo wanakemia walikuwa wameshajua siku nyingi kwamba maji yamepinda. Walijua kwa njia nyingine, na njia hiyo ndiyo tunayoiruka darasani.

Sisi tunaoandika makala haya ni wanachama wa klabu hii. Baadhi yetu wanasoma kemia, wengine sheria, uhandisi na isimu. Kiswahili tulikipata nyumbani, kwa wazazi waliotoka Dar es Salaam, Mombasa na Bukavu. Sayansi tuliipata shuleni hapa Johannesburg, kwa Kiingereza. Vitu hivi viwili havijawahi kukaa meza moja. Hoja yetu ni kwamba vinahitajiana. Swali la "mmejuaje?" ndilo roho ya sayansi, na njia nzuri ya kulirudisha kwa wanafunzi kama sisi ni kulijibu kwa Kiswahili. Kiswahili chetu nacho, kama kitaendelea kuwa cha salamu, chakula na kuulizana habari za nyumbani tu, hakitavuka kizazi chetu.

Tutaanza kwa kufanya kile tunachokidai.

Kitu kisichoonekana

Hakuna mtu aliyewahi kuitazama molekuli ya maji kwa darubini ya kawaida, wala hatatokea. Sababu ni vipimo. Mwanga tunaouona kwa macho ni mawimbi yenye urefu wa kati ya nanomita 400 na 700, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Umbali kutoka oksijeni hadi hidrojeni ndani ya maji ni takribani nanomita 0.1. Wimbi la mwanga ni refu kuliko kitu chenyewe mara elfu kadhaa. Kuitafuta molekuli kwa mwanga huo ni kama kuhesabu punje za mchele ukiwa umevaa glavu za ndondi.

Kwa hiyo umbo la molekuli, kwa sehemu kubwa ya historia yake, halikuonwa. Lilifumbuliwa. Sisi tuliolelewa na watu wa vitendawili tunalielewa jambo hili bila taabu. Anayetega hakuonyeshi kitu, anakupa dalili. Wewe unatafuta kitu kimoja kinachozitosheleza dalili zote, na jibu linalotosheleza nusu yake unalitupa. Mwanakemia naye hufanya hivyo, isipokuwa yeye anatafuta dalili zake mwenyewe, na hakuna bibi wa kumwambia kwamba amepata.

Umbo lililopatikana kwa kuhesabu

Dalili za kwanza hazikutoka kwenye mashine yoyote. Mwaka 1874 Mholanzi mmoja mwenye umri wa miaka 22, Jacobus van 't Hoff, alitoa kijitabu kidogo akidai kwamba atomu nne zinazoshikamana na kaboni hazikulala bapa kama pembe nne za kitambaa. Mwaka huohuo Mfaransa Le Bel alifikia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe.

Hoja inaeleweka ukiwa na karatasi na kalamu. Chukua kaboni yenye hidrojeni nne, kisha ondoa hidrojeni mbili uweke klorini mbili mahali pake. Kama umbo ni bapa, yaani mraba, klorini zinaweza kukaa kwa namna mbili: zikiwa jirani, au zikitazamana kwa pembe za mbali. Basi pangekuwa na dutu mbili tofauti, kila moja ikichemka kwa joto lake. Wanakemia walikuwa wamepata moja tu.

Sasa wazia mafiga matatu chini, na kilele kimoja juu yake palipokaa chungu. Hizo ni pembe nne, na kaboni iko ndani, katikati. Katika umbo hili kila pembe ni jirani ya pembe zote nyingine. Weka klorini mbili popote upendapo, ukiligeuza umbo utaona ni lilelile. Dutu ni moja.

Msomaji makini atauliza: kutoipata dutu ya pili si uthibitisho kwamba haipo, huenda hawakutafuta vizuri. Ni kweli. Ndiyo maana hoja ilihitaji mguu wa pili. Umbo la mafiga linasema kwamba kaboni ikishikamana na vitu vinne vilivyo tofauti vyote, kutakuwa na namna mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto: sawa kwa kila kipimo, lakini glavu ya mmoja haimwingii mwenzake. Dutu za jozi kama hizo zilikuwa zimeshajulikana, na hakuna aliyekuwa na maelezo yake. Dalili mbili zisizohusiana zikaelekeza umbo moja.

Mwaka 1877 mwanakemia mkubwa wa Ujerumani, Hermann Kolbe, alimkejeli van 't Hoff hadharani, akimwona kijana wa chuo cha mifugo anayeota ndoto badala ya kufanya kemia. Mwaka 1901 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa mara ya kwanza kabisa, na aliyeipokea ni van 't Hoff.

Kuvunja ili kujua

Njia ya pili ni ya fundi: vunja kitu vipande, vitambue vipande, kisha fikiri vilikuwa vimeunganishwaje. Mfano wetu unatoka nyumbani. Pareto, lile ua jeupe linalolimwa katika nyanda za juu za Kenya na kusini mwa Tanzania, lina dutu zinazoua wadudu. Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walizichunguza wakiwa Zurich, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1924. Walizipasua molekuli hizo zikawa sehemu mbili, asidi na alkoholi, kisha wakaichunguza kila sehemu. Ndani ya asidi walikuta jambo lisilo la kawaida: kaboni tatu zilizoshikana zikafanya pembetatu, umbo lililobanwa sana kiasi kwamba mtu angedhani haliwezi kukaa ndani ya ua la shambani.

Baadaye wanakemia wengine waligundua kwamba upande wa alkoholi haukuwa sahihi kila mahali, wakaurekebisha. Waliweza kuurekebisha kwa sababu Staudinger na Ruzicka walikuwa wameeleza walichofanya hatua kwa hatua. Aliyesema amejuaje anaweza kusahihishwa. Aliyetoa jibu tupu anaweza tu kuaminiwa au kukataliwa.

Chumvi, eksirei na mtoto wa Durban

Njia ya tatu ndiyo iliyobadilisha kila kitu, na sehemu yake inapita katika mji huu.

Mwaka 1912 Max von Laue na wenzake mjini Munich walipitisha eksirei ndani ya fuwele. Mawimbi ya eksirei ni mafupi, yanakaribiana na umbali ulio kati ya atomu na atomu. Kila atomu huyatawanya. Wimbi lililotawanywa na atomu hii hukutana na la jirani yake: kilele kikikutana na kilele yanaongezeana nguvu, kilele kikikutana na bonde yanafutana. Kwa kuwa atomu za fuwele zimepangwa kwa safu zinazojirudia, matokeo kwenye bamba la picha ni vitone vilivyopangwa, vingine vikali na vingine hafifu. William Bragg na mwanawe Lawrence wakaonyesha jinsi ya kutoka kwenye vitone hadi kwenye mpangilio wa atomu. Walipewa Nobel ya Fizikia mwaka 1915, na mwana alikuwa na umri wa miaka 25.

Tuseme wazi: vitone hivyo si picha ya molekuli. Vinatoa nusu tu ya habari. Tunajua kila wimbi lilifika na nguvu gani. Hatujui kilele chake kilitangulia au kilichelewa kiasi gani kuliko cha wenzake. Nusu hiyo ya pili lazima itafutwe kwa hila, kwa hesabu, na kwa kubuni umbo kisha kulijaribu: kama molekuli ingekuwa hivi, vitone vingekuwaje? Vinalingana na tulivyovipata? Hata likipatikana, kinachoonekana ni mahali palipo na elektroni nyingi. Hidrojeni yenye elektroni moja hujificha karibu kabisa.

Mojawapo ya majibu ya kwanza ya njia hii liliwaudhi watu. Ndani ya chumvi ya mezani hakukuonekana molekuli yoyote. Kulikuwa na sodiamu na klorini zikipokezana nafasi kama miraba ya ubao wa drafti, juu, chini na kila upande, bila jozi ambayo ungeweza kuitenga useme hii ni molekuli moja ya chumvi. Mwaka 1927 mwanakemia mzee wa Uingereza, Henry Armstrong, bado alikuwa anaandika kulipinga wazo hilo kwa dhihaka. Alikuwa na heshima na umri mkubwa. Ushahidi haukuwa upande wake.

Lawrence Bragg alifanya kazi Manchester pamoja na R. W. James, mwanafizikia aliyekuwa miongoni mwa watu wa Shackleton kwenye meli ya Endurance iliyovunjwa na barafu mwaka 1915. James alihamia Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 1937. Huko alimfundisha kijana aliyetoka hapa kwetu. Aaron Klug alizaliwa Lithuania mwaka 1926, akaletwa Durban akiwa na miaka miwili, akaja Johannesburg kusoma katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Aliingia kwa nia ya kuwa daktari, akaondoka akiwa mtu wa sayansi. Kutoka kwa James alikwenda Uingereza mwaka 1949, na baada ya miaka michache akawa akifanya kazi London pamoja na Rosalind Franklin juu ya virusi vinavyoshambulia tumbaku. Franklin alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37. Klug akaiendeleza kazi.

Mchango wake mkubwa unaelezeka bila hesabu. Darubini ya elektroni hutoa picha bapa, kama kivuli. Kivuli kimoja cha mtungi hakikuambii kama una mkono upande wa nyuma. Lakini ukivichukua vivuli vingi kutoka pande nyingi, unaweza kukokotoa mtungi mzima. Klug na wenzake walionyesha namna ya kukokotoa hivyo kwa virusi na kwa molekuli kubwa za viumbe hai. Alipewa Nobel ya Kemia peke yake mwaka 1982. Tumewauliza wenzetu kadhaa wa mwaka wa kwanza kama wamelisikia jina lake. Wengi hawajalisikia, ingawa wanakariri maumbo yaliyopatikana kwa njia zilizotokana na kazi yake.

Daraja ndani ya dawa mseto

Kama bado kuna msomaji anayeona haya ni mambo ya watu wa maabara, tufike kwenye malaria. Kila familia yenye ndugu Afrika Mashariki inaijua dawa mseto. Mzizi wake ni artemisinini, dutu iliyotengwa na kundi la Tu Youyou nchini China mwanzoni mwa miaka ya 1970 kutoka kwenye mmea uliotumiwa na waganga wao tangu zamani. Iliwezekana kuhesabu kilichomo: kaboni 15, hidrojeni 22, oksijeni 5. Lakini hesabu ya mawe, mbao na mabati si ramani ya nyumba. Oksijeni tano zilikaa wapi?

Eksirei ndizo zilizolimaliza swali hilo katikati ya muongo huohuo. Oksijeni mbili zilikuwa zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, zikafanya daraja ndani ya molekuli. Kifungo cha oksijeni kwa oksijeni ni dhaifu, na ni vigumu kuamini kwamba mmea ungekitunza. Lakini udhaifu huo ndio dawa yenyewe. Kijidudu cha malaria hula himoglobini ya damu yetu, na humo mna chuma. Chuma hicho hulivunja daraja, na vipande vinavyotokea humharibu mlaji. Waliolijua umbo waliweza kuibadilisha artemisinini ili ifanye kazi vizuri zaidi mwilini huku wakilinda daraja; ndivyo ilivyopatikana artemetha, mojawapo ya dawa mbili zilizomo kwenye mseto unaouzwa madukani. Asiyelijua umbo angeweza kulivunja daraja akiwa anadhani anaitengeneza dawa. Tu Youyou alipewa Nobel ya Tiba mwaka 2015.

Basi, maji je?

Tumeuliza swali, lazima tulijibu. Kwanza, katika molekuli ya maji oksijeni inazivuta elektroni kuliko hidrojeni. Kama atomu hizo tatu zingekuwa katika mstari ulionyooka, mivuto ya pande mbili ingefutana, kama timu mbili zinazovuta kamba kwa nguvu sawa. Kabonidayoksaidi iko hivyo: imenyooka, na umeme wake haukuegemea upande wowote. Maji yakipimwa, umeme wake umeegemea upande mmoja. Jiko la maikrowevu linategemea jambo hilo: linazigeuzageuza molekuli za maji zilizomo kwenye chakula kwa sababu zina upande chanya na upande hasi. Kwa hiyo maji yamepinda. Kiasi gani? Hapo wanakemia huuchunguza mvuke. Molekuli iliyo huru hujizungusha, nayo hupokea mawimbi ya viwango maalumu tu, kulingana na jinsi uzito wake ulivyotandazwa. Ukijua viwango hivyo, na ukirudia kipimo kwa hidrojeni nzito, unaweza kukokotoa urefu wa vifungo na pembe. Nyuzi 104.5 zinatoka huko. Ni pembe ya molekuli ya maji iliyo peke yake mvukeni, na hata hiyo inatikisika bila kukoma. Kitabu kinachochora mipira miwili myeupe na mmoja mwekundu kwenye vijiti hakisemi uongo, lakini kinaficha yote haya.

Kwa nini sasa

Zamani mtu angeweza kusema: acheni wataalamu wajue, sisi tukariri. Siku hizi hilo ni hatari zaidi. Programu za kompyuta kama AlphaFold zinatabiri umbo la protini kwa muda mfupi, na watu wawili walioongoza kazi hiyo, Demis Hassabis na John Jumper, walikuwa miongoni mwa washindi wa Nobel ya Kemia mwaka 2024. Sisi hatuzipingi. Lakini programu hizo zilijifunza kutokana na maumbo yaliyopatikana kwa eksirei na njia nyingine, yaliyokusanywa katika hazina ya wazi tangu mwaka 1971. Utabiri ni mtoto wa ushahidi. Mwanafunzi asiyejua tofauti kati ya umbo lililopimwa na umbo lililotabiriwa atayaona yote mawili kwenye skrini yakiwa na rangi nzuri zilezile, na hatakuwa na swali la kuuliza.

Kwa nini Kiswahili

Tulipoandika makala haya kulitokea jambo tunalotaka walimu wetu walisikie. Kiingereza cha darasani kina neno moja la kile kinachofanywa na eksirei ndani ya fuwele. Ukilitaja kwenye mtihani unapata alama, hata kama huelewi kinachotokea. Katika Kiswahili hatukuwa na neno la kujifichia. Ilitubidi tuseme mawimbi yanafanya nini: yanatawanyika, yanakutana, yanaongezeana, yanafutana. Mmoja wetu anayesoma sheria alisoma rasimu mara tatu, na kila mara aliuliza palepale tulipokuwa tumeruka hatua. Hakuwa akisahihisha sarufi. Alikuwa akidai ushahidi.

Tunajua pingamizi zitakazokuja. La kwanza: Kiswahili hakina istilahi. Kinazo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kabla sisi hatujazaliwa, na watoto wa shule za msingi za serikali Tanzania wanasoma sayansi kwa Kiswahili tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Atomu, molekuli, fuwele, eksirei, kiini: maneno yapo. Kinachokosekana ni watu wa umri wetu wanaoyatumia.

La pili: mtihani ni wa Kiingereza na kazi ni za Kiingereza. Ni kweli, na hatuombi mtihani ubadilishwe. Tunasema kwamba aliyeelewa jambo kiasi cha kulieleza kwa lugha mbili atalieleza vizuri zaidi kwa ile ya mtihani.

La tatu linatoka humu ndani ya klabu: hapa ni mahali pa mashairi, pilau na muziki, msituletee maabara. Wenzetu, tunaupenda utamaduni kama ninyi. Lakini lugha inayoachiwa jikoni pekee huzeeka pamoja na wapishi wake. Mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitaruhusiwa kuwa somo la hiari shuleni kuanzia 2020. Mwaka 2019 nchi za SADC zilikikubali kuwa lugha yao rasmi ya nne. Lugha yetu inaingizwa katika nchi hii kwa heshima. Ikifika hapa itakuta nini? Itakuta vijana wanaoweza kuitumia kufikiri, au wanaoweza kusema "mambo" na "poa" tu?

Tunachopendekeza

Tunapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha.

Kwanza, jarida hili liwe na safu ya kudumu iitwayo "Mmejuaje?". Kila toleo mwanachama mmoja achukue jambo moja linaloaminiwa katika fani yake, aeleze kwa Kiswahili lilijulikanaje. Rasimu isomwe kwanza na mtu asiye wa fani hiyo, asipoelewa, irudi. Mwishoni tuorodheshe istilahi, tukionyesha zipi zimetoka kwenye kamusi na zipi tumezibuni wenyewe, ili wanaojua zaidi watusahihishe.

Pili, walimu wetu wa Kiswahili wakubali insha ya namna hiyo kama kazi moja ya muhula kwa yeyote atakayeichagua. Tumeandika insha nyingi juu ya umuhimu wa lugha yetu. Tuachieni tuitumie kwa jambo muhimu.

Tatu, walimu wa sayansi wanaosoma jarida hili, na tunajua wapo wawili watatu, waongeze mstari mmoja chini ya swali la maumbo ya molekuli: taja dalili moja inayoonyesha kwamba umbo ni hili na si jingine. Ni alama mbili tu. Zitabadilisha jinsi darasa zima linavyosoma.

Safu ya kwanza bado haina mwandishi. Chini ya mji huu kuna miamba yenye dhahabu, na tunaambiwa ina umri unaokaribia miaka bilioni tatu. Wanajiolojia wa klabu, mmejuaje?